Mkalimani wa Mhubiri Timotheo

Mwaka ule wa sabini na tano, ungemuuliza mtu yeyote wa Kilosa ni nani mwenye ulimi mtamu kuliko wote wilayani, nusu ya watu wangekutajia mhubiri Timotheo, na nusu nyingine wangekutajia mkalimani wake, Mwalimu Cleopa. Cleopa alilijua hilo. Watu walipomsifu alikunja uso na kusema utukufu ni wa Mungu, lakini moyoni sifa zile zilimkaa vizuri.

Alikuwa na miaka hamsini na minane. Ujana wake wote aliutumia kufundisha shule ya misheni huko milimani, na alipostaafu akawa katekista wa kanisa la Kianglikana la kijijini kwake. Yeye ndiye aliyewasomea watu neno siku za Jumapili, akawafundisha watoto wa kipaimara, na akazika wafu pale mchungaji alipochelewa. Na mchungaji alichelewa mara nyingi. Mchungaji Lukasi alikaa Kilosa mjini, akiwa na makanisa kumi na moja ya kuyazungukia kwa baiskeli. Huku kwa kina Cleopa alifika mara moja kila baada ya miezi miwili, mvua ikimruhusu.

Kijiji chenyewe kilikuwa kichanga. Mwaka uliotangulia, malori ya operesheni ya vijiji yaliwateremsha watu wa milimani, wakapangwa kwa mistari iliyonyooka kwenye tambarare ya upande wa Mvumi. Serikali ilisema huku chini kuna zahanati, kuna shule na kuna barabara, na haikusema uongo. Vingine vilikuwepo na vingine vilikuwa njiani. Majirani waliowakuta, Waislamu wa siku nyingi wa bondeni, waliwapokea vizuri na kuwagawia mbegu. Lakini kanisa la mawe lililojengwa na babu zao lilibaki kule juu pamoja na makaburi. Huku chini walisali kwenye banda la nyasi, na waliimba humo kama watu waliokuja matangani. Wazee ndio walioumia zaidi. Kiswahili walichokijua kilikuwa cha sokoni tu, cha kuuliza bei na kuitikia salamu, na kila mgeni aliyesimama kuwahutubia aliwapita kama upepo.

Timotheo alikuja wakati huo.

Alikuwa mtu wa makamo, mrefu, na mkono wake wa kushoto ulikuwa na kovu refu la panga tangu siku zake za kukata miwa huko Ruhembe. Hakuwa na kanisa wala hakuwekewa mikono na askofu yeyote. Alikuwa na kipaza sauti kinachotumia betri ya gari, kwaya ya vijana kumi na wawili, na kibali cha kufanya mkutano kila Jumapili alasiri kwenye uwanja wa Magomeni ya Kilosa mjini. Mwezi wa nne walikuja watu wachache wa jirani. Kufikia mwezi wa saba uwanja ulikuwa haukanyagiki. Walikuja kwa basi kutoka Mikumi, walikuja wamejazana kwenye matrela ya trekta kutoka kwenye mashamba ya miwa, na watu wa milimani walikuja kwa miguu tangu alfajiri, wamebeba wagonjwa wao mgongoni.

Wachungaji wa mjini hawakumpenda. Wengine walimwita nabii wa uongo, wengine mpiga kelele. Cleopa naye alikwenda mara ya kwanza ili aone kwa macho yake, arudi awaonye watu wake. Alifuatana na mkewe Lea na dada yake Paulina. Wakasimama nyuma kabisa. Timotheo alipoanza kunena, Paulina alimvuta kaka yake mkono.

"Anasema nini?"

Cleopa akamnong'oneza kwa Kikaguru, lugha yao ya milimani. Bibi mmoja wa kando akasogea asikie, na mwingine, na mwingine. Sauti ya Cleopa ikabidi ipande. Muda si muda kulikuwa na duara la wazee hamsini wakimsikiliza yeye, na kule mbele Timotheo akanyamaza, akatazama, kisha akasema kwenye kipaza sauti, "Mzee wangu, kama Mungu amekupa kinywa cha watu wako, mbona umesimama nyuma? Njoo hapa."

Cleopa akaenda, na Jumapili iliyofuata akaenda tena.

Hakuwa amedanganyika, au hakujiona hivyo. Aliona kwa macho yake mwanaume wa mstari wa pili kijijini, aliyekuwa akimpiga mkewe kila alipolewa, akitubu hadharani, na miezi mitatu ikapita bila kelele katika nyumba ile. Aliona ndugu wawili waliogombania shamba kule milimani wakishikana mikono. Na alimwona Paulina akiimba. Tangu washushwe kutoka milimani, dada yake alikuwa hafungui kinywa kanisani. Sasa alikuwa akitwanga huku anaimba.

Paulina alikuwa mjane wa miaka sitini na mitano. Mwezi wa pili mwaka ule aligundulika kuwa na kifua kikuu. Alichomwa sindano kila siku kwa miezi miwili, kisha Gaudiosa, muuguzi wa zahanati ya kijiji, akaanza kumpa vidonge vya kumeza kila siku kwa mwaka mzima. "Bibi," Gaudiosa alimwambia mbele ya Cleopa, "utajiona umepona. Usidanganyike. Ugonjwa huu unajificha." Paulina akaitikia, na kweli alimeza bila kukosa. Akanenepa. Kikohozi kikakoma.

Ikawa Jumapili moja ya mwezi wa nane. Timotheo alihubiri juu ya kiwete aliyeinuka akatembea. Watu walikuwa wengi kuliko siku zote, na joto lilikuwa limewaingia wote wawili, mhubiri na mkalimani wake, wakipokezana maneno kama watu wanaotwanga kinu kimoja. Ndipo Timotheo akasema, "Wako hapa watu ambao Yesu amewapa miguu, lakini bado wameshika mkongojo. Mkongojo wako ni ile dawa! Ni yale makopo ya vidonge chini ya kitanda! Mwenye miguu mipya, mkongojo anaupeleka wapi?"

Cleopa alisita. Alikuwa kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo. Lakini watu walikuwa wakimngoja, nyuso zote zimeinuliwa, na mkalimani akinyamaza hata kwa pumzi tatu uwanja mzima unamwona. Akayasema yale maneno kwa Kikaguru, tena akayasema vizuri, kwa lafudhi ya wazee wa zamani. Wakacheka na kupiga vigelegele. Basi akaongeza la kwake. Uwanja ukalipuka.

Siku ile alirudi nyumbani amechoka, ana furaha, na hakulala na wazo lolote baya.

Mwezi wa kumi Lea alimwambia mumewe, "Wifi anakonda."

"Ni kazi za shamba."

"Baba Mathayo, nenda kamwone. Mimi nimemwona akitema mate akayafukia kwa mguu."

Cleopa akaenda asubuhi hiyo hiyo. Alimkuta Paulina amekaa mlangoni juani, amejifunika kanga mbili na bado anatetemeka.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba." Sauti ilitoka ndogo, na kikohozi kikaifuata hapo hapo. Alipoiondoa kanga mdomoni, Cleopa aliiona damu.

"Vidonge unameza?"

Paulina akamtazama kama mtu asiyeelewa swali. "Vidonge gani tena?"

"Vya Gaudiosa."

"Si nilivichoma."

"Ulivichoma? Nani alikuambia uvichome?"

"Wewe," Paulina akasema. Hakusema kwa kulaumu. Alisema kama anayemkumbusha mtu jambo alilosahau. "Pale uwanjani. Ulisema mkongojo wa zamani uchomwe kuni, upikiwe uji wa shukrani. Nikapika uji. Si nilikuletea kikombe? Ukanywa."

Cleopa akakaa chini kwenye vumbi. Alikumbuka uji. Alikumbuka pia lile la kwake aliloliongeza, na vigelegele vilivyofuata. Timotheo hakusema habari ya kuchoma wala ya kuni wala ya uji. Hayo yalikuwa maneno ya Cleopa mwenyewe, aliyoyatia kwa sababu yalikuwa matamu mdomoni.

"Dada," akasema, "yule mhubiri hakusema hivyo."

"Mimi yule simsikii. Kiswahili chake ni cha mbio. Mimi nilikusikia wewe."

Lori la kijiji lilikuwa linapeleka pamba Kilosa siku ile. Wakampandisha Paulina juu ya magunia, Lea akampakata, na Gaudiosa akafuatana nao mpaka hospitali ya mjini. Aliporudi jioni, muuguzi huyo alipita kwa Cleopa, akakataa kukaa.

"Wataanza upya na sindano," alisema. "Dawa ikikatishwa hivi ugonjwa unakuwa mkaidi. Sijui, Mwalimu. Tuombe." Kisha akaongeza, bila kumtazama, "Kuna wengine watano hawajaja kuchukua dawa tangu mwezi wa nane. Nilikuwa najiuliza kwa nini wote ni watu wa kwenu."

Wiki ile ile ililetwa barua ya Mchungaji Lukasi. Ilikuwa na muhuri, na juu yake iliandikwa isomwe Jumapili katika makanisa yote kumi na moja. Cleopa akaisoma akiwa amesimama. Ilisema kwamba mtu anayejiita mhubiri Timotheo hakutumwa na kanisa lolote. Kwamba hana elimu ya neno. Kwamba mikutano yake inawavuta watu kutoka katika ibada zao za halali. Na kwamba Mkristo yeyote atakayeonekana uwanjani atazuiwa Meza ya Bwana. Chini kabisa, kwa mkono, mchungaji alimwandikia Cleopa peke yake: akiisoma barua hii na kutubu mbele ya watu, mambo yatakwisha.

"Isome yaishe," Lea akamwambia. "Si umeshaona mwenyewe yule mtu alivyotufanyia?"

"Alivyotufanyia yule, au nilivyofanya mimi?"

"Usianze."

"Lea, hebu sikiliza." Akamsomea barua yote. "Umesikia mahali popote panapotajwa dawa?"

Lea akafikiri. "Hapana."

"Hapana. Mchungaji hajafika uwanjani hata siku moja. Amekasirishwa na kila kitu isipokuwa kile kinachoua. Nikiwasomea watu hii, wanaompenda Timotheo watasema kanisa lina wivu, na hawatakuwa wamekosea sana. Vidonge watazidi kuvitupa."

"Sasa utafanya nini?"

Kwa miaka mingi Cleopa aliwafundisha watoto wa kipaimara kwamba ukiwa na neno na mtu, uende kwanza kwa huyo mtu, mkiwa wawili. Hakuwahi kufikiri ni kazi ngumu kiasi gani mpaka asubuhi ile alipovaa koti lake na kuishika barabara ya Kilosa.

Timotheo alipanga chumba kimoja Magomeni, nyuma ya duka la sabuni na mafuta ya taa. Cleopa alimkuta uani anafua shati lake jeupe mwenyewe, lile lile la kila Jumapili. Alipomwona mzee akaruka kufuta mikono.

"Shikamoo, mzee wangu! Mbona hukuniletea habari, nikakutafutia hata chai?"

"Marahaba. Chai baadaye. Nina neno."

Wakakaa kwenye benchi. Cleopa akamweleza habari ya Paulina tangu mwanzo, na hakuficha sehemu yake. Alipofika kwenye kuni na uji, Timotheo aliinua kichwa.

"Mimi sikusema wachome."

"Hukusema. Hilo ni langu, na nitalibeba. Lakini mkongojo ulikuwa wako. Mimi nilitia kuni tu kwenye moto uliokwisha kuwaka."

Timotheo akainuka, akalianika shati kambani, akarudi kuketi. Maji yalidondoka kutoka kwenye shati kambani, tone kwa tone, na Cleopa akangoja.

"Nilikuwa na mke," mhubiri akasema mwishowe. "Agatha. Aliumwa tumbo. Nilimpeleka hospitali, nikasema wafanye kila wanachokijua. Walimchoma sindano, walimpasua, walimpa vidonge vya kila rangi. Nikamzika. Miezi sita baadaye mtoto wetu akashikwa na homa, na safari hii sikumpeleka kokote, kwa sababu sikuwa na nguvu ya kuinuka. Nilipiga magoti tu. Asubuhi mtoto akaomba uji. Sasa wewe, mzee wangu, ungehubiri nini?"

"Ningehubiri kwamba mtoto alipona," Cleopa akasema, "na ningemshukuru Mungu mpaka kufa kwangu. Lakini nisingemwambia mama mwingine asimpeleke wake."

"Mungu ni yule yule."

"Mungu ni yule yule. Homa siyo ile ile."

Timotheo akacheka kidogo bila furaha, kisha akasugua kovu lake. "Unataka nisimame pale niseme Mungu anaponya, ila mezeni na vidonge? Watu wale wanatoka Mikumi kwa ajili ya imani, Mwalimu. Nikianza kuweka ila, ila, watasema Timotheo ameogopa."

"Waseme. Dada yangu anatema damu."

"Nitamwombea."

"Mwombee. Yeye anakupenda, hata sasa. Ulimrudishia kuimba, na sitalikana hilo popote. Ndiyo maana nimekuja kwako na sikwenda kukusema barabarani." Cleopa akainuka. "Jumapili nitakuja. Nitatafsiri kila unalosema ninalolijua kuwa la kweli. Ukifika kwenye dawa, sitatafsiri. Nitawaambia watu wangu yaliyompata Paulina. Nimekuambia mapema ili isiwe hila."

"Naweza kumtafuta mkalimani mwingine."

"Unaweza," Cleopa akasema. "Unikataze nisije, nami sitakuja kwa nguvu."

Timotheo hakumkataza. Walikunywa chai ile, na mhubiri akamsindikiza mpaka barabarani, kama kijana anavyomsindikiza mkubwa wake.

Jumapili, nusu ya kwanza ilikwenda kama zamani. Timotheo alihubiri juu ya msamaha, na Cleopa alisikia maneno yakipita kinywani mwake safi kama maji, akaanza kutumaini. Labda mtu yule ameelewa. Labda hapatakuwa na haja. Kisha mwanamke mmoja wa mbele akainua kichupa cha dawa juu, akapaza sauti, "Nimekuja kuuacha mkongojo wangu!" Watu wakashangilia. Timotheo akamtazama yule mwanamke, akamtazama Cleopa, na kwa muda kidogo alionekana kama mtu aliyefika njia panda. Uwanja ulikuwa unamngoja. Cleopa aliujua ungojeaji ule. Aliujua uzito wake mabegani.

"Mwenye miguu," Timotheo akasema, "na atembee!"

Cleopa hakutafsiri. Akauchukua ukimya ule, akauacha ukae mpaka wazee wakaanza kutazamana. Kisha akasema kwa Kikaguru, polepole, bila lafudhi ya kupendeza, "Mhubiri amesema mwenye miguu atembee. Wengi wenu mnajua anamaanisha dawa. Maneno hayo niliwahi kuwapa mimi. Nikaongeza na yangu, ya kuchoma kuni na kupika uji, ambayo hayakuwa ya mhubiri wala ya Mungu. Dada yangu Paulina alinisikia. Sasa yuko hospitali, anatema damu. Aliyetupa vidonge kwa sababu yangu, namwomba msamaha, na namwomba kesho aende kwa Gaudiosa. Kumeza dawa siyo kumkana Mungu. Mimi ndiye niliyekosa."

Akageuka, akayasema yale yale kwa Kiswahili, ili asionekane ananong'ona kwa lugha ya pembeni.

Kwaya ikaanza kuimba kwa nguvu ili kumfunika. Mtu akapaza sauti, "Msaliti!" Mwingine akatupa ganda la muhogo likampata begani. Bibi mmoja kizee wa milimani alilia, na mwanamke mwenye kichupa alibaki ameinua mkono, hajui aushushe au la. Timotheo angeweza kumlaani Cleopa pale pale. Watu walikuwa tayari. Alifunga macho muda mrefu. Kisha akainua mkono kwaya inyamaze, akasema, "Mzee huyu amesema yanayomuuma. Asiguswe. Tuombe." Akaomba, na katika maombi yale hakutaja dawa kwa zuri wala kwa baya. Yule mwanamke akakirudisha kichupa kwenye fundo la kanga yake.

Kesho yake watu wanne kati ya wale watano walikuja zahanati. Wa tano hakuja. Alisema Cleopa amenunuliwa na wachungaji.

Mchungaji Lukasi alifika kijijini siku ya tatu, baiskeli yake imejaa vumbi na uso wake umejaa furaha. Alimkumbatia Cleopa mbele ya wazee wa kanisa. "Umemwangusha nabii wa uongo kwenye uwanja wake mwenyewe! Jumapili tusome barua, na wale wote waliokuwa wakikimbilia huko wakae nje ya Meza mpaka wajifunze."

"Mchungaji," Cleopa akasema, "kama ni kukaa nje, waanze na mimi. Mimi ndiye niliyewapeleka."

"Wewe umetubu."

"Nao hawajui la kutubu. Walikwenda kutafuta nini kule? Walikwenda kuombewa wagonjwa wao. Wewe, samahani, mara ya mwisho ulimwombea lini mgonjwa wa kijiji hiki? Walikwenda kuimba. Walikwenda kusikia neno kwa lugha wanayoielewa. Sisi tuliwapa nini kwenye lile banda? Timotheo amekosa, nami nimemwambia usoni. Lakini njaa ile hakuileta yeye. Aliikuta."

Mchungaji alikuwa mwekundu wa macho, na kwa muda Cleopa alidhani ameharibu kila kitu. Lakini Lukasi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka, mwenye makanisa kumi na moja na baiskeli moja. Aliikunja barua taratibu, akairudisha mfukoni.

"Haitasomwa hapa," akasema. "Lakini wewe, Cleopa, ulisimama miezi mitano kwenye jukwaa lisilo la kanisa. Siwezi kuliacha lipite. Miezi mitatu hutahudumu."

"Ni haki," Cleopa akajibu.

Na mchungaji, kabla ya kuondoka, akauliza ni nyumba zipi zina wagonjwa. Alitembelea nne siku ile, giza likamkuta njiani. Mwezi uliofuata alikuja tena. Haikuwa kila mwezi tangu hapo, lakini ilikuwa zaidi ya zamani.

Paulina alikaa hospitali wiki kumi na moja. Alirudi amebaki mifupa, pafu moja limeharibika, na asingeweza tena kutwanga. Alipoambiwa yote yaliyotokea uwanjani alisikitika, na si kwa sababu aliyoitegemea Cleopa. "Yule kijana ulimwaibisha," alisema. Cleopa akasema hakukuwa na njia nyingine. "Labda," Paulina akajibu, na akaendelea kumwombea Timotheo kwa jina kila asubuhi, kabla ya kumeza vidonge vyake. Mhubiri mwenyewe alikwisha ondoka Magomeni. Dereva mmoja wa lori alisema amemsikia huko Mikumi akiwaambia watu waombe na hospitali pia waende. Mwingine akaapa kwamba ameyasikia yale yale ya mkongojo. Cleopa hakupata kujua ni yupi aliyesema kweli.

Katika ile miezi mitatu ya kukaa bila kazi, alikuwa akisali kwenye viti vya nyuma kama watu wengine, na huko nyuma ndiko alikowaza sana. Serikali ilikuwa imeanzisha madarasa ya watu wazima, na wanaume wengi walikwenda. Wazee wanawake walikuwa wanaona haya. Cleopa akaanza kuwafundisha nyumbani kwake, saba tu mwanzoni, chini ya upenu, asubuhi baada ya shamba. Aliwaambia wazi kwa nini. "Sitaki tena mnisikie mimi peke yangu," alisema. "Akija mhubiri, hata akiwa mimi, mfungue Biblia mwone." Paulina alikataa, akasema macho yake yamechoka. Lakini Agnesi, bibi aliyelia siku ile uwanjani, alikuwa mkaidi kuliko wote. Alisoma silabi kwa silabi, kidole kwenye mstari, akigombana na kila neno la Kiswahili mpaka limpe maana.

Siku moja, mwaka mpya umekwisha ingia, Cleopa alikuwa akiwasimulia habari ya kipofu aliyefunguliwa macho. Alikuwa amerudishiwa ukatekista, na sauti yake ilikuwa imeanza kupata utamu wake wa zamani. "Akamgusa tu macho," alisema, "na pale pale akaona."

"Ngoja, Mwalimu," Agnesi akasema.

Alikuwa ameinamia kitabu. Wenzake wakamngoja. Alisoma mara ya kwanza kimya, midomo ikicheza; mara ya pili kwa sauti, akikwama, akirudi nyuma.

"Hapa hapakuandikwa hivyo," akasema. "Hapa kuna mate. Kuna na udongo. Alikanda tope akampaka, akamtuma akanawe. Wewe tope umelipeleka wapi?"

Cleopa akafungua kinywa ajibu. Alikuwa akiisimulia habari ile hivyo kwa miaka mingi, kwa sababu tope na mate aliviona havipendezi kuvitaja kanisani. Wale wanawake wote walikuwa wakimtazama, na hakuna hata mmoja aliyekuwa tayari kumsaidia.

"Nililiacha," akasema.

"Basi lirudishe," Agnesi akamwambia, akageuza ukurasa.